Sura ya Nane: Mati za Stepu

Ukitaka kujua gari la zamani limetumika kiasi gani, usianze na viti wala usukani. Viti hushonwa upya, usukani hupigwa vanishi. Chuchumaa kando ya mlango na uangalie stepu, ule ubao mrefu wa pembeni unaoanzia madigadi ya mbele na kuishia madigadi ya nyuma, chini ya milango. Mwanga ukiupiga kwa ubavu utaona mahali pasipozidi ukubwa wa kiatu, pamechakaa kuliko gari zima. Mikwaruzo ya hapo haikunyooka. Imepinda kama mwezi mchanga, kwa sababu mtu anayepanda gari refu hakanyagi tu akapita. Uzito wake wote hubaki juu ya mguu mmoja, kisha mwili unageuka kukifuata kiti, na soli inageuka pamoja na mwili. Katika mgeuko huo mdogo ndipo punje ya mchanga iliyonasa kwenye soli hukata rangi. Mchanga wa kawaida una chembe za kwatzi, madini magumu kuliko kioo cha dirisha. Hakuna rangi ya gari inayoweza kushindana nayo.

Dawa ya jambo hili inajulikana tangu magari yalipokuwa mapya: weka kitu kati ya soli na rangi. Kitu chenyewe ni mati ya stepu. Ningeweza kuitaja kwa mistari miwili na kuendelea na milango. Lakini nimekagua stepu zilizooza kabisa huku mati iliyowekwa kuzilinda ikiwa bado nzima juu yake, na kila mara mwenye gari alikuwa ameamini kwamba kazi ya ulinzi iliisha siku aliyoibandika. Kwa sababu hiyo nimeipa mati sura yake.

Stepu zilizaliwa na matope. Ford Model T, lililoanza kuuzwa Oktoba 1908 na kuendelea kuundwa hadi Mei 1927, zaidi ya magari milioni 15, lilikaa juu sana kutoka ardhini kwa kuwa njia za vijijini Marekani zilikuwa na makorongo na visiki. Bila kidato cha kati, mzee au mama mwenye gauni refu asingeweza kupanda. Ubao huohuo ulizuia matope ya tairi la mbele yasiruke hadi mlangoni. Kazi nyingine zikaongezeka zenyewe. Watu walifunga hapo sanduku la spana, tairi la akiba, madebe ya maji na petroli, na mizigo iliyozuiwa kwa wavu wa chuma unaokunjika. Kabla taa za umeme hazijaenea, mtungi wa gesi ya asetilini wa Prest-O-Lite, uliowasha taa za mbele, nao ulifungwa juu ya stepu.

Na watu walisimama juu yake, gari likienda. Walinzi wa Rais wa Marekani, kikosi cha Secret Service, waliendelea na desturi hiyo miaka mingi baada ya magari ya kawaida kuacha stepu. Tarehe 22 Novemba 1963, mjini Dallas, mlinzi Clint Hill alikuwa amesimama kwenye stepu ya kushoto ya Cadillac iliyofuata gari la Rais John F. Kennedy. Risasi ziliposikika aliruka kutoka hapo, akakimbia na kulidandia gari la Rais kwa nyuma. Sehemu ya gari tunayoidhania kuwa pambo ilikuwa kituo cha kazi, na aliyesimama hapo alihitaji kukanyaga pasipoteleza. Hilo likumbukwe tutakapofika kwenye uchaguzi wa mati, kwa sababu mati nzuri kwa macho inayoteleza ni hatari kuliko stepu tupu.

Mwisho wa stepu ulionekana wazi mwaka 1938, Cadillac Sixty Special iliyochorwa na Bill Mitchell ilipotoka bila stepu. Baada ya Vita vya Pili bodi zilipanuliwa zikaimeza nafasi ile. Gari moja mashuhuri lilikataa: Volkswagen yenye mgongo wa kobe, iliyobaki na stepu zake hadi ya mwisho ilipotoka kiwandani Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hili ndilo gari la stepu analolijua kwa mikono yake. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, na bado linaonekana Nairobi, Arusha na Moshi likiendeshwa na wenye mapenzi nalo.

Kabla ya kununua mati yoyote, jua kwanza watu walipandia wapi. Si lazima iwe upande wa dereva. Model T za wazi zilizoundwa Marekani kati ya 1912 na 1925 hazikuwa na mlango wa mbele kushoto. Kulikuwa na umbo la mlango lililopigwa kwenye bati, lakini halikufunguka. Dereva aliyekaa kushoto alipandia kulia na kujisogeza, na uchakavu ni lazima uangukie upande huo. Zile zilizoundwa Kanada zilikuwa na milango inayofunguka pande zote mbili, na Kanada ndiko zilikotoka Ford nyingi za usukani wa kulia zilizopelekwa kwenye makoloni ya Waingereza. Kwa hiyo anayetengeneza Model T ya hapa kwetu asinakili picha za Kimarekani bila kufikiri. Ailaze mati pale gari lake lenyewe linapoonyesha kwamba ndipo miguu ilipopita.

Viwanda vilijaribu nyuso za kila aina. Model T nyingi zilikuwa na stepu ya bati lililokandamizwa likatoa nakshi ya pembe nne na jina la Ford katikati, kisha likapakwa vanishi nyeusi yenye lami ya asili na kuokwa tanurini. Nakshi ile ilizuia kuteleza, na gari halikuhitaji mati. Kampuni za magari ya bei zilitumia ubao wa mti uliofunikwa linoliamu, ile sakafu ya mafuta ya kitani na unga wa kizibo juu ya kitambaa cha juti, iliyobuniwa na Mwingereza Frederick Walton miaka ya 1860. Ukingo ulizungushiwa utepe wa shaba au alumini. Ford Model A, lililozinduliwa Desemba 1927, lilipewa raba nyeusi yenye mistari. Wenye fedha waliongeza vibao vya kukanyagia vya alumini, vipana kuliko kiatu kidogo tu, vyenye kipande cha raba katikati na nembo ya mtengenezaji, vikafungwa kwa bolti mbele ya kila mlango. Kufikia miaka ya 1930 viwanda vingi viliacha gundi. Raba mbichi iliwekwa juu ya bati ndani ya kalibu, ikapashwa moto na kubanwa hadi ikaiva na kushikana na chuma. Raba ya namna hiyo haina upenyo wa maji ikiwa nzima. Ikipasuka, balaa linaanza.

Nani alilipia raba hiyo? Mwaka uleule wa 1908 Model T lilipotoka, ndipo Ubelgiji ilipoichukua Kongo kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili, baada ya ulimwengu kufahamu kwamba wanavijiji walikuwa wakikatwa mikono na kuchukuliwa mateka ili walete mpira wa mitambaazi ya msituni. Mpira ule ulikwenda kwenye tairi za baiskeli, mikanda ya mashine, na tairi za magari ya mwanzo. Tanganyika, wakati wa Wajerumani, nayo ilipandwa mashamba ya mpira kwenye nyanda za Tanga, aina iliyoletwa kutoka Brazili ambayo ni ndugu wa muhogo. Bei iliporomoka mwaka 1913 kwa sababu ya mpira mwingi kutoka mashamba ya Asia, na mashamba mengi yakaachwa. Mti wenyewe haukupotea. Miaka ya 1930 na 1940 watafiti wa Amani, milimani Usambara, waliuoanisha na muhogo ili kupata mbegu zinazohimili ugonjwa wa batobato, na damu ya mti huo wa mpira imo kwenye mihogo inayoliwa leo. Nimetoka nje ya gari kidogo, najua, lakini sioni namna ya kuzungumzia raba ya zamani na kunyamazia habari hiyo.

Henry Ford mwenyewe alitaka mpira usiopitia kwa mtu mwingine. Mwaka 1927 alipata ardhi kubwa kando ya mto Tapajós huko Brazili, akajenga mji wa Fordlandia. Miti ilipandwa karibu karibu, tofauti na inavyoota porini, na ugonjwa wa ukungu wa majani ukaruka kutoka mti hadi mti. Mwaka 1945 ardhi ilirudishwa kwa serikali ya Brazili kwa hasara kubwa. Ford zote za miaka hiyo, pamoja na raba za stepu zake, ziliendelea kutegemea mpira wa watu wengine.

Sasa turudi kwenye bati, kwa sababu hapa ndipo magari yanapofia.

Maji yakimwagika juu ya chuma kilicho wazi, jua na upepo huyakausha upesi. Yakiingia chini ya mati hayana pa kutokea. Hubaki kama utando mwembamba, siku kadhaa, wakati juu pamekauka na pametulia. Hewa hufika kwa urahisi ukingoni mwa mati, na kwa shida katikati. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuanzisha mwendo wa umeme mdogo ndani ya maji, na chuma kinacholiwa ni kile kilichokosa hewa. Ndiyo maana mtu huona wekundu kidogo pembeni, akaupiga msasa na kuupaka rangi, akaridhika, kumbe katikati bati limebaki jembamba kama ganda. Ongeza chumvi, na umeme huo unapita kwa wepesi zaidi. Gari la Mombasa, Tanga au Unguja hupokea chumvi hata likiwa limeegeshwa, kwa kuwa umande wa pwani unayo. Sioni sababu ya gari la pwani kuwa na mati iliyobandikwa moja kwa moja juu ya bati tupu. Kama gari liko Mbeya au Nakuru tunaweza kujadiliana.

Kwenye Volkswagen ya kobe tatizo lina mlango wa pili. Stepu yake imefungwa kwa bolti kwenye madigadi na kwenye ubavu wa bodi, na kiwandani washa za raba ziliwekwa katikati ili pabaki nafasi ya maji kupita. Fundi mwenye haraka huzitupa washa hizo na kukaza bolti hadi stepu inagusana na bodi. Tope hujaa pale. Juu tu ya mahali hapo kuna mkondo wa chuma unaopeleka hewa ya moto ndani ya gari na ambao pia ndio uti wa bodi. Ukioza huo, milango haifungi sawasawa, na kazi ya kuchomelea inazidi thamani ya stepu mara nyingi. Kabla ya kushughulika na raba ya juu, lala chini uangalie washa.

Mati yenyewe, basi. Kwa maoni yangu gari la zamani linaloendeshwa linahitaji mati ya kulaza na kuondoa, na si ya kubandika, isipokuwa kiwanda ndicho kilichobandika. Iwe ya raba, unene wa milimita tatu hadi tano, yenye mistari au vinundu juu. Mistari ikiwa mirefu, ielekee mahali maji yanapoweza kutoka, isiishie kwenye utepe wa ukingo uliopanda juu na kuyazuia. Upande wa chini nao usiwe laini kabisa, maana raba laini hunyonyana na rangi na kushika maji vizuri mno. Pembe zikatwe kwa mviringo. Pembe kali hujikunja, kisha mtu hujikwaa hapo akishuka.

Jihadhari na vipande vya tairi kuukuu. Mafundi wetu hukata tairi kwa ustadi mkubwa, na ndala za tairi zimewavusha watu jangwani. Lakini raba ya tairi imejaa masizi na kemikali za kuizuia isizeeke, na kemikali hizo husafiri. Zikikaa juu ya rangi nyeupe au ya maziwa kwenye jua, zinaacha doa la kahawia ambalo halitoki kwa kusugua kwa kuwa limeingia ndani ya rangi yenyewe. Mati za plastiki laini zina lao. Mafuta yanayoifanya plastiki iwe laini huhamia kwenye rangi na kuilainisha, hasa rangi za zamani za selulosi, hadi mati na rangi vinashikana. Ukiwa huna hakika na mati yako, laza chini yake karatasi ya nailoni ngumu, na uiondoe pamoja na mati safari ikiisha.

Mati za makumbi zinapendeza kwenye magari ya kale, na ndani ya gari zina historia yake halali. Watu wa pwani huvutiwa nazo, nami nawaelewa, kwa sababu nyuzi hizo zinasokotwa kwetu. Lakini makumbi ya Unguja hufukiwa kwenye mchanga wa bahari miezi kadhaa ili nyama yake ioze na nyuzi zibaki. Uzi wake umelala ndani ya maji ya chumvi. Uweke sebuleni. Ukiuweka juu ya bati la nje ukanyeshewa na mvua, umeweka sifongo la chumvi juu ya chuma.

Zipo pia mati zenye sumaku chini. Hazitelezi, na kwa dakika chache za maonyesho zinafaa. Ubaya wake ni kwamba sumaku huokota vumbi la chuma linalotoka kwenye breki na kulikandamiza juu ya rangi. Zipanguse kila unapozigeuza. Kwenye stepu ya alumini au ya mti hazishiki kabisa.

Kutoboa ni jambo jingine, na hapa sina subira. Vibao vya alumini vya bolti ni vizuri, na gari lililouzwa navyo au lililofungiwa navyo enzi zake libaki navyo. Lakini kutoboa leo stepu ya asili ambayo haijawahi kuguswa na drili, kwa ajili ya pambo lililonunuliwa juzi, ni kuiondolea ushahidi ambao hauwezi kurudishwa. Kila tundu pia ni njia mpya ya maji. Kama matundu ya zamani yapo, yatumie hayohayo. Paka praima ndani ya kila tundu, weka washa ya nailoni chini ya kibao ili alumini na chuma visigusane, kwani madini mawili tofauti yakikutana penye maji yenye chumvi, mojawapo huliwa haraka.

Usafi wa raba unahitaji maji, sabuni isiyo kali na brashi laini. Mafuta ya taa yaache kwenye jiko. Huifanya raba asilia ivimbe na kulegea, na mng'ao unaouona siku ya kwanza ndio mwanzo wa kuoza kwake. Dawa za silikoni za kung'arisha tairi zisifike kwenye stepu hata kidogo: mguu ukiteleza pale, goti linapiga ukingo wa chuma. Gari likifika nyumbani, mati ziinuliwe, zikung'utwe mbali na gari, bati lipanguswe kwa tambara kavu, na mati zikaushwe kivulini. Jua hupasua raba. Vilevile hewa yenye ozoni, ambayo hutolewa na cheche za mota za umeme, kwa hiyo usizihifadhi karibu na kompresa au mashine ya kuchomelea. Zipake poda ya kawaida ya mtoto, zilazwe bapa, zisikunjwe.

Siku ya maonyesho ndiyo siku ya hatari kuliko safari. Kwenye mashindano ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970 na sasa hufanyika Nairobi kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, magari yanakaguliwa bodi, injini, ndani na chini. Watu husogea, watoto hutaka kupanda, na wenye gari huona haya kukataa. Sioni haja ya kumkatalia mtoto. Laza mati pana upande mmoja, mwelekeze apandie hapo, na ufunge milango ya upande wa pili. Waamuzi wakikaribia, iondoe, waone kilicho chini. Mwenye stepu safi hana sababu ya kuifunika.

Linabaki swali la raba ya kiwandani iliyopasuka. Nyufa nyembamba za juu ambazo hazijafika kwenye bati ziachwe. Ni umri, na gari lina haki ya umri wake. Zikifika kwenye chuma, maji yanaingia na hakuna gundi itakayoyazuia kwa muda mrefu. Hapo raba ivuliwe, bati litibiwe, na raba mpya iokwe juu yake ndani ya kalibu. Mafundi wa kazi hiyo ni wachache, wengi wako Marekani na Ulaya, nao hutaka kipimo cha kuchongea. Kwa hiyo raba kuukuu isikatwe vipande wala kutupwa wakati wa kuivua. Ianzie kung'olewa pembeni kwa kisu butu, polepole, ibaki kipande kimoja na mistari yake yote, hata kama imekauka. Piga picha za ukingo na vinundu ukiwa umeweka rula kando yake. Kisha andika nyuma ya kila kipande kwa chaki kama ni cha kulia au cha kushoto, na upande upi ulielekea mbele, kwa sababu stepu mbili za gari moja zimegeuzwa, moja kinyume cha nyingine, na fundi akichonga kalibu kwa kipande kilichopinduliwa, raba itatoka na mkato wa madigadi upande usio wake.